Kutoka ufukwe wa Tanganyika hadi kileleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wenye kazi na familia

Majibu haya ni ya mwalimu wa Ujiji, muuguzi wa Kasulu, karani wa Tabora mjini, mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi: mtu mwenye ajira au biashara, mwenye watoto wa kuwapeleka shule, ambaye hata hivyo ana hamu ya kusimama juu ya mlima mkubwa siku moja.

Kigoma ni mwisho wa reli na Kilimanjaro iko upande wa pili wa nchi. Inawezekana kweli?

Inawezekana, ila ujue mapema kipi utakipata nyumbani na kipi hutakipata. Miguu yenye nguvu na pumzi ndefu Kigoma inazitoa bure, maana mji wenyewe umejaa vilima. Hewa nyepesi hapa haipo. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na hata ukipanda Kalinzi kunakolimwa kahawa bado uko chini ya mwinuko ambao mwili huanza kulalamika. Hewa hiyo inazoeleka kwa kulala mlimani tu. Kwa hiyo mwenye likizo fupi na pesa za kuhesabu, akilazimika kuchagua kati ya jaketi zuri zaidi na siku moja zaidi mlimani, achukue siku. Jaketi unaweza kukodi.

Nianze na mlima upi?

Sio Kilimanjaro, kama hujawahi kutembea saa sita mfululizo ukiwa na begi mgongoni.

Mlima wa karibu kwa mtu wa Kigoma ni Nkungwe, mita 2,462, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale. Unaonekana mdogo kwenye karatasi. Lakini unaanzia ufukweni, kwa hiyo unapanda karibu mita 1,700 kwenda juu, wakati usiku wa kileleni Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ni mita 1,175. Ni kipimo kizuri sana cha miguu. Ndani ya hifadhi hakuna barabara, watu hufika kwa boti, na unatembea na askari wa hifadhi. Gharama ya boti ndiyo inayouma, basi tafuteni kundi mgawane.

Wa pili uwe Hanang, zaidi ya mita 3,400. Uzuri wake ni kwamba barabara ya Singida kwenda Babati inapita Katesh, mji ulio chini yake kabisa, hivyo basi la kutoka magharibi kwenda Arusha linakushusha mlangoni. Hupandwa kwa siku moja ndefu. Usiuendee kipindi cha mvua: udongo wake unateleza, na maporomoko ya Desemba 2023 yaliyoikumba Katesh yalitoka kwenye mlima huohuo.

Kisha Meru, mita 4,566, siku tatu au nne. Unalala Miriakamba (mita 2,514) na Saddle (mita 3,570), na hapo ndipo utajua kichwa chako kinasemaje juu ya mwinuko. Anayepanda Meru kisha akaunganisha Kilimanjaro baada ya siku moja au mbili huwa tayari ana damu iliyoanza kuzoea. Ukishindwa kuunganisha, panda kila mmoja kwa mwaka wake. Mazoea ya mwinuko huisha baada ya wiki chache ukirudi ziwani, lakini kujua namna mwili wako unavyoupokea mwinuko hakuishi.

Likizo yangu inatosha?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa angalau siku 28 mfululizo kwa mwaka, na ndani yake zinahesabiwa Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Hesabu ya Kilimanjaro kwa mtu wa Kigoma ni hii: siku mbili za kwenda kwa basi kupitia Tabora, Nzega, Singida na Babati (ni zaidi ya kilomita 1,000), siku moja ya kupumzika na kukagua vifaa, siku sita mlimani, siku moja ya akiba, siku mbili za kurudi, na siku moja ya kukaa nyumbani kabla ya kuripoti kazini. Jumla 13. Zinabaki 15, na hizo ziache kwa familia. Ukizimaliza zote kwa ajili ya mlima mwaka huu, mwaka kesho utaomba ruhusa kwa watu walionuna.

Kosa kubwa linafanyika kwenye zile siku sita. Njia ya Marangu inauzwa pia kwa siku tano, na mtu akiona nafuu ya siku moja na ya pesa anaikamata. Tazama vituo vya kulala: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila usiku unaruka mita 1,000. Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne ulale tena palepale. Marangu haitii kanuni hiyo hata kidogo, na siku ya sita ndiyo inayopunguza madhara: unalala Horombo mara mbili, na katikati unatembea hadi Miamba ya Pundamilia, karibu mita 4,000, kisha unarudi chini kulala. Ukipata siku saba kwa njia ya Machame, au nane kwa njia ya Lemosho, bora zaidi, ila huko utalala kwenye hema wakati Marangu ina vibanda vyenye vitanda.

Barua ya likizo ipelekwe miezi mitatu kabla, yenye tarehe kamili. Mhasibu asiombe kuelekea 30 Juni, mwaka wa fedha unafungwa. Mwalimu ana bahati: likizo ya Juni inaangukia mwanzo wa kiangazi.

Nipande mwezi gani?

Kuanzia mwisho wa Juni hadi Oktoba, au Januari hadi mwanzo wa Machi. Hapa watu wa Kigoma huchanganyikiwa, kwa sababu kwetu mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili bila kukatika sana, wakati Moshi wana vuli na masika yenye pengo katikati. Januari ukiwa unalowa Mwanga, hapa Kigoma mjini, Kilimanjaro inaweza kuwa kavu. Basi mazoezi ya Januari yafanye kwenye mvua hiyohiyo, utajua mapema kama koti lako linavuja mabegani.

Makundi ya Watanzania hupanda kwa wingi kuelekea 9 Desemba, Siku ya Uhuru. Shamrashamra ni nzuri, ila njia inajaa na hali ya hewa si ya kutegemea.

Halafu kuna mwezi wa angani. Kwa wavuvi na wachuuzi wa dagaa, siku za mwezi mpevu ni za mapumziko, kwa kuwa taa za mitumbwi hazivuti dagaa anga likiwa jeupe. Na siku hizohizo ndizo nzuri za kupanda kileleni. Panga usiku wa kileleni uwe ule wa mwezi mpevu au siku mbili tatu baada yake. Baada ya kuwa mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kila siku kwa karibu dakika 50, lakini ukishatoka unabaki juu hadi asubuhi, na wewe unaanza kupanda karibu saa sita usiku. Siku za kabla ni mbaya zaidi: mwezi unakuachia giza alfajiri, saa ambazo baridi ni kali kupita zote. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kipindi cha namna hiyo kinampa mtu wa mwaloni muda, ingawa mfuko nao huwa umefungwa.

Natoka kazini saa 11 jioni na nina watoto wadogo. Mazoezi nifanye saa ngapi?

Alfajiri, saa 11 hadi saa 12, mara mbili kwa wiki. Jioni hupoteza: kikao kimechelewa, mtoto ana homa, umeme umekatika, na wiki imepita. Ongeza dakika 25 za mazoezi ya nguvu nyumbani siku moja, na matembezi marefu Jumamosi au Jumapili. Wiki 16 za mpango huo zinatosha kwa mtu mwenye afya asiyetembea kabisa. Anayetembea kwenda kazini kila siku anaweza kukata wiki nne.

Siku za alfajiri tafuta mlima mmoja na uung'ang'anie. Barabara ya Lumumba kutoka stesheni ya reli kupanda kuelekea Mwanga inafaa, na barabara ya Bangwe na Katonga ina panda shuka nyingi. Kinachohesabiwa ni mita za kwenda juu, kilomita achana nazo. Programu yoyote ya simu inayoonyesha mwinuko itakupa kipimo. Kilima cha mita 60 ukikipanda mara tano ni mita 300; anzia hapo, na kufikia wiki ya 12 uwe unapanda mita 600 kwa asubuhi moja ukiwa na kilo saba mgongoni. Mwendo wako uwe ule ambao unaweza kutamka sentensi nzima bila kukatika. Ukihema kama umekimbizwa, punguza, kwa kuwa huo sio mwendo utakaoutumia mlimani.

Mzigo mzuri ni maji. Lita moja ni kilo moja, hakuna mizani inayohitajika. Weka dumu la lita tano ndani ya begi, lizungushie kanga au taulo lisikupige mgongo, na mwagia miche ya watu ukifika juu. Unashuka bila mzigo. Magoti yako yatakushukuru kwa wiki zote hizo za mwanzo, na wiki nne za mwisho ndipo unaanza kushuka na maji. Matembezi ya wikiendi yaanze saa mbili na yafike saa sita. Panda gari la kwenda Manyovu, shuka Mwandiga au mbele zaidi, tembea milima ya Kalinzi, rudi na gari jioni. Kila wiki ya nne punguza kila kitu kwa nusu. Wiki mbili za mwisho pia ni za kupunguza: huwezi kuongeza nguvu siku kumi kabla ya safari, unaweza tu kujichosha au kujiumiza.

Wanawake wengi huuliza juu ya usalama wa giza la saa 11. Nendeni wawili watatu, vaeni kitu cheupe, na tembeeni mkikabili magari, maana bodaboda za alfajiri hazina adabu.

Mimi niko Tabora, kila kitu ni tambarare.

Tafuta ngazi. Ngazi moja ina karibu sentimita 17. Ngazi 20 ni mita 3.4, na ukipanda ghorofa hiyo mara 100 umepata mita 340. Inachosha akili kuliko miguu, basi weka kitu cha kusikiliza. Mchanga wa barabara za vijijini nao unasaidia: ule mteremko wa kokoto kati ya Kibo na Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, unavyokurudisha nyuma nusu hatua ndivyo mchanga unavyofanya. Tabora iko karibu mita 1,200, juu kidogo kuliko Kigoma, lakini usijidanganye kwamba hiyo inakusaidia kwa lolote kule mita 4,000.

Kwa nini kila mtu anazungumzia kushuka?

Kwa sababu ndiko watu wanakoumia. Chukua hesabu. Kwa Marangu, unatoka Kibo mita 4,720, unafika Uhuru, kilele chenyewe, 5,895, halafu siku hiyohiyo unashuka hadi Horombo 3,720. Ni mita 1,175 za kupanda na 2,175 za kushuka, bila usingizi. Kwa njia za Machame na Lemosho ni mbaya zaidi: kutoka Uhuru hadi kambi ya Mweka, mita 3,100, unashuka karibu mita 2,800.

Ukishuka, msuli wa mbele wa paja unafanya kazi ya breki: unakaza huku ukivutwa urefuke, na kazi hiyo ndiyo inayoupasua nyuzi na kukuletea maumivu ya siku ya pili. Ukichoka, goti linabeba lililokuwa la paja. Zoezi lake ni jepesi kuonekana tu. Simama kwenye ngazi moja ya sentimita 20 kwa mguu mmoja. Teremsha kisigino cha mguu mwingine polepole ukihesabu hadi nne, kiguse chini bila kuweka uzito, rudi juu. Mara 12, kila mguu, raundi tatu. Tazama goti lililosimama: likielekea ndani, kuelekea lile lingine, ngazi ni ndefu mno kwako au nyonga ni dhaifu. Weka kitofali chembamba uanzie hapo. Fimbo mbili za kutembelea hupunguza mzigo wa magoti, lakini zirefushwe kidogo wakati wa kushuka, na uzizoee nyumbani. Kata kucha za miguu siku tatu kabla. Kucha ndefu ikigonga ncha ya kiatu kwa saa nne inakuwa nyeusi na kung'oka.

Ugonjwa wa mwinuko ni nini, na dawa ipo?

Juu ya Uhuru msukumo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta karibu nusu ya oksijeni. Mwili ukikosa muda wa kujirekebisha, kichwa kinauma, chakula kinakinai, tumbo linachafuka, usingizi unakataa. Hayo kwa kiasi ni ya kawaida, na dawa yake ni kutopanda zaidi hadi yapungue. Kijana mwenye nguvu za mpira wa miguu huumwa sawa na mwingine, mara nyingi zaidi, kwa sababu anakwenda mbio.

Hatari ni mbili. Ya kwanza ni maji kwenye ubongo: mtu anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, anakasirika ovyo. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole; akishindwa, anashushwa saa hiyohiyo, iwe usiku iwe mvua. Ya pili ni maji kwenye mapafu: anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo inageuka rangi, baadaye makohozi yanakuwa na povu la rangi ya waridi. Naye ni kushuka tu, na oksijeni njiani kama ipo. Kusubiri asubuhi ndiko kunakoua.

Dawa ya kinga ni asetazolamaidi, maarufu kwa jina la Diamox. Kipimo cha kawaida cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inakufanya ukojoe sana na kusikia vidole vikichonyota, hiyo isikutishe. Lakini ni ya jamaa ya salfa. Kama SP au Septrin iliwahi kukutoa malengelenge au kukuvimbisha uso, mwambie daktari kabla hajakuandikia, na vyovyote vile imeze kwanza ukiwa nyumbani siku mbili uone inavyokupokea. Haiponyi aliyekwisha kuzidiwa. Dawa za usingizi na pombe viache kabisa. Kile kinywaji kikali cha kupasha mwili joto kinafungua mishipa ya ngozi na kupoteza joto lenyewe.

Ni vipimo gani nifanye kabla?

Shinikizo la damu, wingi wa damu, sukari, na malaria. Kigoma ni moja ya mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, na vimelea hukaa mwilini wiki moja hadi mbili au zaidi kabla homa haijatoka. Ndiyo kusema unaweza kuumwa na mbu wa Gungu ukatetemeka Horombo. Homa, kichwa na kichefuchefu vya malaria vinafanana na vya mwinuko kiasi cha kumdanganya hata kiongozi mzoefu. Tofauti ya kushika: mwinuko peke yake haukuletei homa kali. Lala kwenye chandarua bila kukosa wiki tatu za mwisho, pima siku mbili kabla ya kuondoka hata kama huna dalili, na ongea na daktari kuhusu kubeba dozi. Damu ikiwa pungufu, ahirisha safari uitibu kwanza; damu ndiyo chombo cha kubebea ile oksijeni chache.

Pima pia selimundu kama hujui hali yako. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande milima hii. Mwenye kuurithi kwa mzazi mmoja, ambaye huenda hajaugua maisha yake yote, aongee na daktari, kwa kuwa kuna waliopata madhara ya bandama mwinukoni. Mjamzito angoje.

Vifaa nitavipata wapi kwa mshahara wangu?

Mitumba, na kukodi. Begi la kulalia, jaketi nene la manyoya na fimbo hukodishwa Moshi na Arusha, hakuna sababu ya kuvibeba kutoka Kigoma. Nguo za ndani, suruali na sweta tafuta kwenye mitumba ya Mwanga. Soma kitambulisho cha ndani ya nguo: unataka polista au sufu. Pamba iache, pamoja na jinzi zote. Pamba inanyonya jasho na kulishikilia, na kwenye upepo wa saa nane usiku shati lenye jasho ni sawa na kuvaa kitambaa kilichotoka kwenye ndoo. Hesabu ya baridi ni rahisi: joto hushuka karibu nyuzi 0.65 kwa kila mita 100. Ufukweni kukiwa na nyuzi 25, kule juu ni karibu nane chini ya sifuri, na upepo wa usiku bado hujauhesabu.

Viatu vinahitaji jicho. Kiatu cha mlima cha mtumba kinaweza kung'aa kama kipya na bado kikakuua njiani, kwa sababu ile soli laini ya kati, iliyo kama sponji, huoza kwa unyevu wa hewa hata kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Ikunje soli kwa nguvu, kisha bonyeza kwa kidole gumba ubavuni, juu kidogo ya mpira mweusi. Ukiona nyufa ndogondogo kama tope lililokauka, au unga ukibaki kidoleni, rudisha kiatu hata kama ni bei ya bure. Kikipita hapo, mpe fundi aishone soli kuzunguka, maana gundi ya zamani haiaminiki. Halafu kitembelee angalau kilomita 50 kabla ya safari. Saizi iwe na nafasi ya kidole nyuma ya kisigino unaposukuma mguu mbele, ukiwa umevaa soksi nene. Kinunue jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kazi ya siku. Na ndani ya basi kivae au kibebe mkononi: begi likipotea, kila kitu kinakodishwa isipokuwa kiatu kilichozoeana na mguu wako.

Tochi ya kichwani ibebe na betri za akiba, na betri hizo zilale mfuko wa ndani wa shati pamoja na simu. Baridi inazizima zikiwa bado na chaji. Chupa ya maji igeuze kichwa chini, kwa kuwa maji huganda kuanzia juu na utakuta mdomo uko wazi. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi Kilimanjaro, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019.

Nile nini mlimani?

Wanga kwa wingi, na maji lita tatu hadi nne kwa siku. Hamu ya kula inapotea kuanzia Horombo, na hapo chakula kigeni ndicho cha kwanza kukataliwa. Beba kitu ambacho ulimi wako unakijua: karanga, kashata, dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakauka kabisa. Dagaa kumi na uji wa chumvi saa tano usiku vimewahi kumwinua mtu kuliko biskuti za bei mbaya. Muhogo mkavu unashiba lakini ni mzito tumboni huko juu.

Gharama nizipange vipi bila kuigusa ada ya watoto?

Ada za hifadhi kwa raia hulipwa kwa shilingi na ni ndogo mno kuliko za mgeni, basi usisahau kitambulisho cha NIDA. Kinachobaki ni kampuni (kiongozi mwenye leseni ni lazima Kilimanjaro), nauli, vifaa vya kukodi, bahashishi ya wapagazi, na akiba ya dharura. Hiyo akiba iwe nauli ya kurudi peke yako pamoja na usiku mbili za gesti. Pata bei tatu za maandishi, na uliza kila moja kama imejumuisha ada, chakula, oksijeni na usafiri hadi getini. Gawa jumla kwa miezi: ikiwa ni shilingi 1,800,000 na una miezi 18 ya kuweka, ni laki moja kwa mwezi. Mfumo wa kikoba unafaa kwa sababu pesa inatoka mkononi. Januari usijiwekee kitu, ni mwezi wa shule. Na usikope kwa ajili ya mlima: deni litakusukuma kileleni siku ambayo ulitakiwa kushuka.

Mwenza wangu anaogopa, au hataki kabisa.

Mara nyingi hofu ya kifo ndiyo inayotamkwa na uchovu ndio unaokera. Mume anayetoka kila Jumamosi alfajiri akamwachia mkewe watoto watatu na ndoo tupu hajamwomba ruhusa ya mlima mmoja. Amemwomba Jumamosi 16. Zihesabuni pamoja, na kila saa unayochukua mrudishie yake, kwa biashara yake, kwaya yake, au usingizi. Matembezi mengine nenda na familia hadi nusu, wao wabaki na chakula kivulini. Tena mwambieni mama mkwe mapema, asije akasikia kwa majirani.

Kuhusu hofu yenyewe, mwachie karatasi yenye jina la kampuni, namba ya kiongozi, kituo cha kulala kila siku na tarehe ya kurudi. Intaneti ilifikishwa Horombo mwaka 2022, lakini simu huishiwa chaji, basi kubalianeni kwamba kimya cha siku mbili si habari mbaya. Na mwahidi jambo moja mbele ya mashahidi: kiongozi akisema shuka, unashuka bila kubishana.

Naweza kwenda na mtoto wangu?

Wa chini ya miaka 10 haruhusiwi kwenda kileleni Kilimanjaro. Mtoto mdogo pia hajui kueleza kichwa kinavyomuuma. Mpeleke Mandara, siku moja ya kwenda na kurudi ndani ya msitu, atarudi na hadithi za mbega.

Wapagazi niwatendeeje?

Waite wagumu, ndivyo wanavyojiita wenyewe. Mzigo wa mmoja hauruhusiwi kuzidi kilo 20 pamoja na vitu vyake, na begi lako unalompa lisizidi kilo 15, basi lipime nyumbani. Wanakula mara ngapi kwa siku na wanalala wapi? Muulize mwenye kampuni kabla ya kulipa. Bei ikiwa chini kupita zote, kuna uwezekano mkubwa imekatwa kwenye posho zao. Bahashishi wape mbele ya wote, kila mmoja na bahasha yake.

Nikirudia njiani?

Gilman's, mita 5,685, bado ni ukingo wa kreta, na hifadhi hutoa cheti kwa aliyefika hapo. Aliyerudi kabla ya hapo abaki na daftari: aliumwa saa ngapi, mita ngapi, alikuwa amekula na kunywa nini, alilala usiku ngapi. Mara nyingi jibu linaonekana hapohapo kwenye mistari, na mara nyingi ni siku iliyopunguzwa.

Kuna Mtanzania aliyefika Everest?

Yupo. Wilfred Moshi alifika mwaka 2012, naye alikuwa kiongozi wa Kilimanjaro.

Nikirudi Kigoma, nirudi kazini lini?

Ukifuata ratiba ya juu, una siku moja nyumbani. Siku ya pili baada ya kushuka mapaja huuma kuliko ya kwanza, na saa za kukaa ndani ya basi huvimbisha miguu, basi shuka utembee kila gari linaposimama. Malengelenge usiyatumbue. Ukipata homa ndani ya wiki mbili, kapime malaria kabla ya kusema ni uchovu wa mlima. Viatu vitoe nyayo za ndani, vifute tope, vijaze karatasi na uvianike kivulini. Jua la mchana la Kigoma linaikausha gundi, na bado unavihitaji mwakani.